Sheria ile ile, waziri yule yule: ilikuwaje wanafunzi waliojifungua wakaruhusiwa kurudi shuleni?

Tarehe 24 Novemba 2021, Waziri wa Elimu wa Tanzania, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba mwanafunzi aliyekatiza masomo kwa sababu ya ujauzito ataruhusiwa kurudi katika shule ya kawaida baada ya kujifungua. Siku hiyo Sheria ya Elimu ilikuwa ile ile ya mwaka 1978. Kanuni za kufukuza wanafunzi zilikuwa zile zile za 2002. Waziri naye alikuwa yule yule, aliyekikalia kiti hicho tangu mwishoni mwa 2015, miaka yote ambayo wasichana hao walikuwa wakifungiwa mlango. Bunge halikupitisha sheria mpya, wala hakuna jaji aliyeamuru.

Basi kilichobadilika ni nini? Nimekuwa nikijiuliza swali hili kwa muda mrefu, kwa sababu nadhani ukilijibu vizuri unaelewa sera za nchi zinavyozaliwa kuliko ukisoma nyaraka kumi za mipango.

Tuanze na maandishi yenyewe. Watu wengi, hata walimu wakuu niliowahi kuzungumza nao, wanaamini kwamba sheria ilisema wazi: mwanafunzi mwenye mimba afukuzwe. Haikusema hivyo. Kanuni za 2002, zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 295, zinasema mwanafunzi anaweza kufukuzwa akitenda kosa la jinai kama wizi, kuharibu mali, ukahaba, kutumia dawa za kulevya, au kosa dhidi ya maadili. Zinasema pia anaweza kufukuzwa akifunga ndoa. Neno mimba halimo katika orodha hiyo. Na kote mle neno lililotumika ni "anaweza", halikuandikwa "lazima".

Kwa hiyo palihitajika mtu wa kutafsiri. Mtu huyo alikuwa mwalimu mkuu, bodi ya shule, ofisa elimu wa wilaya. Yeye ndiye aliyetazama tumbo la binti wa kidato cha pili na kuamua kwamba tumbo lile ni "kosa dhidi ya maadili". Tafsiri hiyo ilikuwa imezoeleka tangu miaka ya 1960, kiasi kwamba hakuna aliyeona kuwa ni tafsiri. Ilionekana kama sheria yenyewe.

Hapa ndipo nguvu ya wazo ilipo. Kabla serikali haijaamua ifanye nini kuhusu jambo fulani, kuna mtu ameshaamua jambo hilo ni kitu gani. Ukisema mimba ya mwanafunzi ni kosa, swali linalofuata ni adhabu gani itolewe. Ukisema ni janga la kiafya, utauliza zahanati iko wapi. Ukisema ni mtoto aliyedhulumiwa, utauliza aliyemdhulumu yuko wapi. Ukisema ni mwanafunzi aliyekatizwa masomo, utauliza atarudi lini. Binti ni yule yule, mwenye miezi mitano ile ile.

Mimi nilisoma shule ya bweni ya mchanganyiko. Kila tulipofungua shule, wasichana hatukupewa vitanda hadi tupimwe. Matroni alisimama mlangoni mwa zahanati na orodha ya majina, akagawa vikopo vya plastiki vilivyoandikwa namba kwa maka peni. Tukapanga foleni nje ya vyoo tukiwa na ndala miguuni, kila mmoja ameshika kikopo chake, hakuna anayemtazama mwenzake. Ng'ambo ya uwanja wavulana walikuwa wakifyeka nyasi na kuimba. Hakuna aliyewaita. Muhula mmoja, mwenzetu aliyekuwa akilala kitanda cha juu yangu aliitwa mara ya pili ndani. Saa saba mchana tulipokwenda kula tulikuta tranka lake la bati limewekwa chini ya mwembe, karibu na geti, godoro limekunjwa juu yake. Sikumwona tena. Alikuwa akinifundisha hesabu.

Sikuelewa wakati ule, ila sasa naona wazi kwamba foleni ile ilikuwa sera. Kanuni iliyoandikwa kwa neno "mwanafunzi", bila kutaja msichana wala mvulana, ilipofika shuleni ikawa na jinsia moja tu, kwa kuwa ushahidi wake unakaa kwenye mwili wa mmoja. Mvulana hana kikopo. Hata aliyehusika akiwa ni mwanafunzi mwenzake wa dawati la nyuma, kanuni ile ile ya maadili ilimhusu pia, lakini nani angempima?

Tazama hata lugha yetu. Kiswahili kinajua kwamba mimba ina mtoaji: tunasema amepewa mimba, fulani amempa mimba. Ila fungua takwimu za elimu za kila mwaka, sehemu ya wanafunzi walioacha shule. Utakuta sababu zimepangwa: utoro, mimba, vifo, na nyinginezo. Msichana anaandikwa kwenye safu ya mimba. Mvulana aliyempa, akiogopa na kukimbilia mjini au migodini, ataandikwa mtoro. Hesabu ikifika mezani kwa mpanga mipango inasema mimba ni tatizo la wasichana na utoro ni tatizo la nidhamu, na hakuna mstari unaoziunganisha safu hizo mbili.

Mwaka 2016 Bunge lilirekebisha Sheria ya Elimu ili anayempa mimba mwanafunzi au kumwoa afungwe miaka 30. Nia yake ninaiheshimu. Lakini binti bado alikuwa anafukuzwa, kwa hiyo akimtaja mhusika anabaki bila shule na bila baba wa mtoto, na familia zikapata sababu moja zaidi ya kuyamaliza nyumbani.

Kisha ikaja siku ya Chalinze. Tarehe 22 Juni 2017, Rais John Magufuli, akiwa ziarani mkoani Pwani, alisema hadharani kwamba katika utawala wake hakuna mwanafunzi atakayepata mimba akaruhusiwa kurudi shuleni. Alieleza hofu yake: ukiwaruhusu, kesho madarasa yatajaa wazazi, na watakaotoka likizo ya uzazi watawafundisha wenzao. Waliojifungua waende wakajifunze ufundi cherehani au wapewe mikopo walime. Mashirika yanayowatetea yakafungue shule zao. Siku chache baadaye Mwigulu Nchemba, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alitishia kuyafutia usajili mashirika yatakayoendelea na utetezi huo.

Ukiisoma hotuba ile kwa makini unaona wazo lililo ndani yake: mimba inaambukiza. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Ndiyo maana majibu ya upande wa pili hayakupenya. Wanaharakati walikuwa wakizungumza haki: Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia, kifungu cha 11 kinazitaka nchi zihakikishe wasichana wanaopata mimba kabla ya kumaliza masomo wanapata nafasi ya kuendelea. Serikali ilikuwa ikizungumza mfano mbaya. Kila upande ulikuwa ukijibu swali ambalo mwenzake hakuuliza.

Wala tusidhani kwamba pande zile zilikuwa za wanaume na wanawake. Mama Salma Kikwete, mke wa rais mstaafu na mbunge wakati huo, alisimama bungeni mwaka huo huo wa 2017 kupinga wajawazito kurudi shuleni. Mama mzazi mwenye binti wa kidato cha kwanza anaweza kabisa kuamini kwamba mlango ukiachwa wazi binti yake atalegea. Nimesikia hoja hiyo kwa mama zangu wadogo, watu ninaowapenda, na haitokani na roho mbaya. Inatokana na hofu, na hofu ya mzazi ni nguvu kubwa katika siasa za nchi yoyote.

Pesa nayo ilijaribu. Mwishoni mwa 2018 Benki ya Dunia ilizuia mkopo wa elimu wa dola milioni 300, na suala hili likiwa miongoni mwa sababu. Januari 2020 mbunge wa upinzani Zitto Kabwe aliiandikia benki hiyo kuiomba isitoe mkopo, na nyumbani akaitwa msaliti. Machi 2020 mkopo ukapitishwa, sasa ukiwa dola milioni 500, huku benki yenyewe ikieleza kwamba wasichana kama 5,500 kila mwaka hushindwa kuendelea na sekondari kwa sababu ya ujauzito na malezi. Katazo la kurudi shule ya kawaida lilibaki. Kilichopatikana ni njia ya pembeni: vituo vya elimu mbadala, kule ambako msichana angesoma kwa mfumo wa watu wazima na kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kwa baadhi ilikuwa nafuu kubwa. Lakini wazo lilikuwa halijaguswa; bado binti alitengwa ili asiwaambukize wengine.

Anayesema kwamba haya yote yaliletwa na dini na mila, namwomba avuke bahari kidogo. Zanzibar, ambako karibu kila mtu ni Mwislamu na heshima ya binti inalindwa kwa makini sana, iliruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni tangu mwaka 2010. Jirani zetu wa Kenya waliruhusu tangu 1994. Kwa hiyo katika Jamhuri moja ya Muungano, binti wa Makunduchi alikuwa na haki ambayo binti wa Mkuranga hakuwa nayo, na kati yao kuna safari ya boti tu.

Na aliyezaliwa Makunduchi ndiye aliyekuja kuwa na neno la mwisho. Samia Suluhu Hassan alikuwa Makamu wa Rais siku ile ya Chalinze. Magufuli alifariki Machi 17, 2021, na siku mbili baadaye Samia akaapishwa. Miezi minane ikapita, Ndalichako akatoa tangazo lile, kisha ukatoka Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021.

Ni rahisi kusema: amekuja rais mwanamke, mambo yamebadilika. Nakubali kwamba ina uzito. Sidhani kwamba ndiyo hadithi yote. Watu walikuwepo tangu mwanzo: Samia alikuwepo, Ndalichako alikuwepo, mashirika ya kutetea usawa wa kijinsia na elimu kama TGNP na HakiElimu yalikuwepo, na hoja zilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu mwenye kalamu kukaa mahali ambapo wazo lile jingine lingeweza kupita. Katika nchi ambako kauli ya rais jukwaani ina nguvu kuliko kanuni iliyochapishwa, mlango hufungwa na hotuba na hufunguliwa na waraka.

Ila kitu kinachonivutia zaidi ni namna waraka ule ulivyoandikwa. Haukuja na kichwa cha habari cha wajawazito. Uliwahusu wanafunzi wa msingi na sekondari waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali: mtoro yumo, aliyefeli yumo, mgonjwa yumo, na aliyejifungua yumo. Kwa maneno hayo binti akatolewa kwenye safu ya wakosaji na kuwekwa kwenye foleni moja na mvulana aliyekwenda kuchunga ng'ombe. Mbunge aliyepinga mimba shuleni angesimama vipi kupinga mtoro kurudi darasani? Naamini aliyeuandika alijua anachofanya, na ninamshukuru, awe nani.

Udhaifu wake uko pale pale penye nguvu yake. Kilichotolewa kwa saini moja kinaweza kufutwa kwa saini moja, na Kanuni za 2002 hazikuguswa siku ile. Mwaka 2022 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ikiamua shauri lililofunguliwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na shirika jingine la nje, iliona kwamba Tanzania ilivunja haki za wasichana hao, na ikaitaka serikali iondoe ujauzito na ndoa kama sababu za kufukuza wanafunzi na iache kuwapima kwa lazima. Hatua hiyo ya kubadili kanuni ndiyo inayomlinda binti atakayekuwa kidato cha pili wakati rais ni mwingine na waziri ni mwingine.

Halafu kuna mambo ambayo hakuna waraka uliyataja. Msichana anayenyonyesha akirudi darasani, kufikia kipindi cha tatu maziwa yamejaa na shati jeupe limeanza kulowa. Anaficha kwa sweta, jua linawaka. Nyumbani ni mwendo wa saa moja kwa miguu, na bibi anayemlea mtoto anataka kwenda shambani. Mwalimu wa zamu anaweza kumpa ruhusa ya saa nne, au anaweza kumwandika mtoro. Waraka haujamwambia lolote, kwa hiyo ataamua mwenyewe, pale getini, na kitabu cha mahudhurio mkononi.