Usaili wa siku nzima: yanayosemwa vijiweni na yanayoandikwa na wasaili

Ujumbe ukiingia kwenye simu kwamba usaili ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, wengi hushtuka. Tumezoea jopo la watu watatu na maswali ya dakika 20. Huu ni wa namna nyingine: wasailiwa sita, nane au zaidi wanakusanywa pamoja, wanafanya mtihani, majadiliano ya kundi, kazi ya mezani na mahojiano, huku wasaili kadhaa wakitazama na kuandika. Asili yake ni ya kijeshi. Uingereza iliutumia kuchagua maofisa wa jeshi kuanzia 1942, na mwaka 1956 kampuni ya simu ya Marekani, AT&T, ikaanza kuutumia kwa mameneja wake. Kwenye vijiwe vya kahawa vya Ngamiani, hapa Tanga mjini, utasikia mengi juu ya usaili huu, na mengi hayana miguu.

“Kwenye kundi, anayeongea sana ndiye anayepita”

Hii ndiyo inayoponza watu. Msaili ana karatasi yenye sifa zinazopimwa, kama kushirikiana, kuchambua jambo na kufikia uamuzi. Kazi yake kwanza ni kuandika ulichosema na ulichofanya, karibu neno kwa neno. Alama huja baadaye, akishapanga maandishi yake chini ya kila sifa. Anayerudia hoja ya mwenzake kwa sauti ya juu hampi cha kuandika. Anayesema “zimebaki dakika 12 na bajeti hatujaigusa” amempa. Amempa pia anayemgeukia aliyenyamaza: “Dada, ulianza kusema kuhusu gharama za usafiri, hebu malizia.”

Ila ukimya nao hauna alama, kwa sababu wazo lililobaki kichwani halionekani. Hapa kwetu Tanga mtu hulelewa asimkatize mkubwa, na ni malezi mazuri, lakini kundi lina dakika 30 au 40 tu na hakuna atakayekukaribisha. “Samahani kaka, naomba niongeze hapo” inatosha. Kisha ongeza kweli, usirudie.

“Nafasi ni moja, kwa hiyo ni vita”

Usaili ukiandaliwa vizuri, kila mtu hupimwa kwa kiwango kilichowekwa kabla. Kundi zima linaweza kukivuka, au asivuke hata mmoja. Ukimzima mwenzako, hoja yako hata ikiwa sahihi, alama za ushirikiano zimekwenda.

“Mtihani wa hesabu ni kipaji”

Hesabu zenyewe ni za sekondari: asilimia, uwiano, kusoma jedwali. Kinachoangusha ni muda na mitego. Chukua swali hili: ghala lilipokea tani 480 za katani Januari na tani 408 Februari, upungufu ni asilimia ngapi? Tofauti ni 72. Ukigawa kwa 480 unapata asilimia 15, na ndilo jibu. Mwenye haraka hugawa kwa 408, anapata 17.6, na jibu hilo analikuta limewekwa pale kwenye machaguo likimsubiri. Swali linalofuata laweza kuuliza: Machi ikiongezeka kwa asilimia 15, tutarudi kwenye 480? Hapana, ni 469.2, kwa sababu asilimia hiyo sasa ni ya 408.

Fanya maswali 20 kwa dakika 20 kila siku, kwa wiki mbili, saa ikiwa mezani. Uliza mapema kama kikokotoo kinaruhusiwa. Kwenye mtihani wa kusoma, shikilia kifungu ulichopewa tu. Kikisema meli ilichelewa na siku hiyo mvua ilinyesha, hakijasema mvua ndiyo iliyoichelewesha, hata kama wewe unaijua bandari kwa miaka.

“Kazi ya mezani ni kujibu barua moja baada ya nyingine”

Unapewa, tuseme, barua na ujumbe 15 kwa saa moja, ukijifanya msimamizi aliyerudi kutoka likizo. Anayeanza na ya kwanza na kushuka chini huingia mtegoni, maana zimeandikwa zikigongana. Ya tatu ni dereva anayeomba ruhusa Alhamisi. Ya 11 ni mteja anayetaka mzigo wake ufike mpakani Horohoro Alhamisi hiyohiyo, na dereva mwingine yuko hospitali, lakini hilo limetajwa kwenye ya 14. Ukishamruhusu dereva, umekwama.

Tumia dakika 10 za mwanzo kusoma zote. Weka alama: ya leo, ya wiki hii, ya kumkabidhi mwingine. Kisha andika uamuzi pamoja na sababu yake, hata mstari mmoja. Uamuzi mzuri usio na sababu unasomeka kama bahati.

“Ukiharibu zoezi la kwanza, umekwisha”

Kila sifa hupimwa kwenye zoezi zaidi ya moja na kwa macho ya wasaili zaidi ya mmoja, kisha jioni wanakaa kulinganisha maandishi. Msaili wa zoezi la pili mara nyingi hajui ya la kwanza, kwa hiyo usimwambie.

“Wanapima hata unavyokula”

Kwa kawaida hapana. Ila sahani ya biriani saa saba na mahojiano saa nane, hilo ni shauri lako.

“Hati ya matokeo inatosha”

Kwa ajira za serikali, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hutaka vyeti halisi, na hukataa hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita. Majina yakitofautiana kati ya cheti na kitambulisho, shughulikia nyaraka ya kisheria ya jina wiki kadhaa kabla. Nauli, chakula na malazi ni juu yako. Usaili ukiwa Tanga mjini, anayetoka Lushoto au Handeni asitegemee basi la alfajiri. Alale Tanga, na akumbuke kwamba stendi ya Kange iko nje ya mji, bado kuna bajaji ya kupanda.