Photuris: kimulimuli anayewinda vimulimuli wenzake

Wengi wakimwona kimulimuli huangalia taa yake. Mimi huanza na miguu. Vimulimuli wa jenasi Photuris, wanaopatikana kwa wingi Amerika Kaskazini, wana miguu mirefu myembamba na mgongo ulioinuka. Ukiwatazama kwa ubavu utawadhania wana kibyongo. Kimulimuli wa jenasi jirani, Photinus, ni bapa, miguu yake mifupi, na kichwa kimefichwa chini ya ngao ya kifua. Kichwa cha Photuris huchungulia mbele ya ngao hiyo, na macho yake makubwa huonekana hata kutoka juu. Ngao ni ya manjano, katikati ina wekundu uliopitiwa na alama nyeusi. Mara nyingi kila bawa gumu la juu lina mstari wa rangi hafifu uliokwenda mshazari.

Kutambua jenasi ni rahisi. Kazi ipo kwenye spishi. Utafiti wa mtaalamu wa wadudu H. S. Barber, uliochapishwa mwaka 1951 baada ya kifo chake, ulionyesha kwamba vimulimuli wanaofanana kabisa wakishakufa wanaweza kuwa spishi tofauti, kwa kuwa madume yao humweka, yaani huwasha na kuzima taa zao, kwa mpangilio tofauti.

Lakini mwanga nao hudanganya, na hapa ndipo jenasi hii inaponivutia kuliko zote. Jike wa Photinus humjibu dume wake kwa mmweko baada ya kitambo maalumu, ambacho ndicho utambulisho wa spishi. Mwaka 1965 mtafiti wa vimulimuli James E. Lloyd alieleza jinsi jike wa Photuris anavyoiga jibu hilo. Dume wa Photinus hushuka, hutua, husogea akimweka, kisha hukamatwa na kuliwa.

Jike wa Photuris hapati shibe tu. Mwaka 1997 mtafiti Thomas Eisner na wenzake walionyesha kwamba hujipatia pia lusibufajini, sumu chungu iliyomo mwilini mwa Photinus. Jike aliyekwisha kula windo hilo hukataliwa na buibui, na akibanwa hutoa matone ya damu yenye sumu hiyo.

Buu wa Photuris naye ni mwindaji: hukaa kwenye udongo wenye unyevu, hula wadudu, konokono na nyungunyungu, na huwaka tangu utotoni.

Kwa hiyo ukitaka kumtambua Photuris, mpige picha kwa ubavu na kwa juu. Ukirekodi mimweko, rekodi ya dume anayeruka, na uandike halijoto ya wakati huo, maana baridi hurefusha nafasi kati ya mmweko na mmweko.