Ndoa tano za Rita Hayworth: tarehe zisikuchanganye

Aga Khan wa Nne, Karim, aliyelelewa Nairobi utotoni wakati wa vita na ambaye cheo chake kimeandikwa kwenye mabango ya hospitali na shule nyingi za kwetu, aliwahi kuwa na mama wa kambo mcheza sinema wa Hollywood. Ni Rita Hayworth, aliyezaliwa Brooklyn tarehe 17 Oktoba 1918 kwa jina la Margarita Carmen Cansino, binti wa mcheza dansi Mhispania.

Aliolewa mara tano, na orodha za ndoa hizo hazipatani. Kosa huwa lilelile: siku ya kutengana, siku ya hukumu na siku talaka ilipokamilika huhesabiwa kama siku moja. Kabla ya kuandika mwaka, jiulize kwanza talaka ilitolewa wapi.

California ya enzi hizo ilikuwa na hatua mbili. Mahakama ilitoa hukumu ya muda, kisha mkasubiri mwaka mzima ndipo talaka ikamilike. Hapo katikati huruhusiwi kuoa wala kuolewa. Kwa hiyo ndoa yake ya pili, na mwigizaji na mwongozaji wa filamu Orson Welles, iliyofungwa 7 Septemba 1943 na kumpa binti, Rebecca, Desemba 1944, wengine huimaliza 1947 na wengine 1948. Wote wana hoja, basi taja miaka yote miwili. Mume wa kwanza, Edward Judson, aliyemzidi umri zaidi ya mara mbili na kumsimamia kama mali ya dukani, walioana 1937 wakaachana 1942.

Ya tatu ndiyo yenye mambo. Prince Aly Khan, baba yake Karim, alitaka ndoa ifungwe faraghani nyumbani kwake kusini mwa Ufaransa, Château de l'Horizon. Sheria ya Ufaransa ikamkatalia: ndoa ya serikali hufungwa ofisi ya meya, milango wazi, na hiyo hutangulia ya dini. Tarehe 27 Mei 1949 bwana na bibi harusi wakasimama katika mji wa Vallauris mbele ya meya mkomunisti, Paul Derigon, Rita akiwa na gauni la buluu iliyopauka la mbunifu wa mavazi Jacques Fath na kofia pana. Nikahi ilisomwa kesho yake. Kwa hiyo ukikuta tarehe mbili, hakuna iliyokosewa. Iliyo rasmi kwa serikali ni ya 27. Binti yao, Yasmin, alizaliwa Lausanne, Uswisi, 28 Desemba mwaka uleule. Miezi saba, ndiyo. Magazeti nayo yalihesabu.

Majira ya baridi ya 1950–51 walisafiri Afrika hadi Nairobi, Aly akiwatembelea Waismailia, Waislamu wa Shia wanaomfuata Aga Khan kama imamu wao. Rita aliikatisha safari akarudi kwa watoto, na mwaka 1951 akavuka Atlantiki pamoja nao. Hapo ndipo walipotengana, lakini talaka ilitoka Reno, Nevada, Januari 1953. Nevada ukikaa wiki sita tu unahesabiwa mkazi, na ndiyo sababu watu walikimbilia huko. Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya malezi. Aly aliahidi dola milioni 1 ikiwa Yasmin angelelewa Kiislamu kuanzia miaka 7 na kwenda Ulaya miezi miwili au mitatu kila mwaka. Rita akakataa.

Dick Haymes, mwimbaji mzaliwa wa Argentina, alimuoa Las Vegas 24 Septemba 1953. Kabla ya hapo alikuwa amemfuata Rita Hawaii, ambayo bado haikuwa jimbo, na aliporudi maofisa wa uhamiaji wakamhesabu mgeni anayeingia upya, wakataka kumfukuza nchini. Ndoa ilikwisha 1955. James Hill, mtayarishaji wa filamu, alidumu 1958 hadi 1961.

Jambo moja ninaloona linapotoshwa zaidi ni miaka yake ya mwisho. Kusahau kwake maneno ya filamu kulidhaniwa ni pombe kwa muda mrefu, mpaka ilipobainika kuwa ni Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu. Mwaka 1981 mahakama ilimkabidhi kwa Yasmin, naye akamtunza Manhattan hadi alipofariki 14 Mei 1987. Aly alikuwa ameshatangulia, kwa ajali ya gari karibu na Paris, Mei 1960; uimamu wa Waismailia alirukwa 1957, baba yake, Aga Khan wa Tatu, alipomrithisha Karim.