Eti kazi ya amani ni ya Geneva

Mwambie mzazi wa Kasulu, mkoani Kigoma, kwamba unataka kufanya kazi ya amani na mazingira ya kimataifa, atakuuliza viza ya kwenda Geneva, kwenye ofisi za Umoja wa Mataifa, utaipata wapi. Na hii ndiyo Kigoma, ambako kazi hiyo ipo mlangoni! Mwaka 2003 Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia zilisaini mkataba wa kulitunza Ziwa Tanganyika kwa pamoja. Mwaka 2024 uvuvi ukafungwa miezi mitatu, Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wazaliane. Sasa mkalishe mvuvi wa mwalo wa Kibirizi mwenye deni la injini, umweleze kwa nini nyavu zikae ndani, naye anaamini wenzake wa ng'ambo wanavua usiku. Ukiweza hapo, Geneva haitakutisha.

Wengine husema amani ni ya wanajeshi, miti ni ya bwana misitu. Nenda Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyoanza kupokea Wakongo mwaka 1996. Mkimbizi anapika kwa kuni, na kuni ziko nje ya kambi, katika msitu uleule anaoutegemea mwanakijiji. Miti inavyopungua ndivyo mama anavyotembea mbali zaidi, na huko porini anaweza kupigwa, hata kubakwa. Ukimpa jiko banifu, linalotumia kuni chache, umeokoa mti, ndiyo, lakini pia umepunguza safari moja ya hatari na ugomvi mmoja na wenyeji. Niambie hiyo ni kazi ya idara gani.

Wengine husema bila shahada huwezi. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifika msitu wa Gombe hapa Kigoma Julai 1960 bila shahada yoyote, udaktari wa Cambridge ulifuata. Mwaka 2002 Umoja wa Mataifa ulimteua Mjumbe wa Amani. Usiache chuo kwa mfano huu, maana matangazo ya kazi siku hizi yanataka cheti. Ninachosema ni kwamba miaka ya kukaa kimya na kutazama haifundishwi darasani.

Kiingereza? Kinahitajika kwenye ripoti. Kambini Nduta, walikopokelewa wakimbizi wa Burundi, Muha, mwenyeji wa Kigoma, alielewana na Mrundi bila mkalimani, kwa sababu Kiha na Kirundi ni ndugu. Ongeza Kifaransa kidogo.

Halafu kuna hili la Land Cruiser nyeupe, kwamba ukishaingia shirika umetoboa. Mikataba mingi hufuata mradi. Mfadhili akifunga mfuko, gari linabaki ofisini, wewe unapanda bodaboda kurudi Mwanga, mtaani Kigoma mjini.