Mahakama haigusi matokeo ya uchaguzi?

Vijiweni Kigoma, kila uchaguzi ukiingia vurugu, utasikia: "Matokeo yakishatangazwa, mahakama haigusi." Kwa ubunge si kweli. Ibara ya 41(7) ya Katiba inafunga mlango huo kwa urais tu, na kwangu hilo ni doa kubwa. Ubunge unapingwa Mahakama Kuu, kwa Ibara ya 83.

Ushahidi uko hapa hapa. Uchaguzi mdogo wa Kigoma Mjini wa 1994 ulibatilishwa baada ya Dk. Aman Walid Kabourou wa CHADEMA, aliyetangazwa kushindwa, kwenda mahakamani. Serikali ikakata rufaa, ikashindwa. Sababu mojawapo: Redio Tanzania, redio ya umma, ilimpendelea mgombea wa CCM katika matangazo yake.