Chombo "kina leseni": maana yake nini?

Meli au kivuko kikizama, haipiti saa kabla watu hawajaanza kuulizana: kilikuwa na leseni? Jibu likiwa "ndiyo" tunabaki tumeduwaa, kana kwamba karatasi ilipaswa kuelea badala ya chombo. Shida ni kwamba neno hilo moja tumelitwisha karatasi kadhaa, na kila moja ina kazi yake.

Usajili ni kama kadi ya gari. Unasema chombo ni cha nani, kina urefu na ukubwa gani, kinapeperusha bendera ya nchi ipi. Hauwezi kukwambia kama leo asubuhi ngama, sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, imejaa maji. Leseni yenyewe ni ruhusa ya kufanya biashara ya kubeba watu au mizigo, nayo inafanana na ile ya daladala: mwenye chombo anakubaliwa kutoa huduma fulani kwa masharti fulani.

Katikati ya hizo mbili kuna cheti cha ubora, na kwangu mimi hiki ndicho kiini cha habari yote. Mkaguzi hupanda chomboni akatazama ngozi ya chombo, injini, pampu, vizima moto, redio na majaketi ya kujiokolea, kisha cheti kikatolewa kwa muda maalumu. Humo ndimo mnamowekwa mambo mawili ambayo abiria wengi hawayajui: idadi ya watu, na eneo la maji ambamo chombo kinaruhusiwa kwenda.

Idadi haipatikani kwa kuhesabu viti peke yake. Inategemea pia hesabu ya namna chombo kinavyojirudisha kikiinamishwa na wimbi. Gunia la mchele ukilipanga chini ngamani linatulia, tena linasaidia kama farumi, uzito wa chini unaokituliza chombo. Abiria hatulii. Anakaa juu, anasimama, na gati likionekana wote wanasogea upande mmoja na mizigo yao. Kadiri uzito unavyopanda juu, ndivyo chombo kinavyokuwa chepesi kupinduka, hata ziwa likiwa shwari. Kivuko cha MV Nyerere kiliruhusiwa abiria 101. Kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa kimekaribia gati la kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, wakafa watu zaidi ya 220. Yaani waliokufa peke yao ni zaidi ya mara mbili ya waliostahili kupanda. Miaka saba nyuma yake, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba. Idadi iliyoruhusiwa ilikuwa kama 600. Tume iliyochunguza ilikuta waliopanda walizidi 2,000.

Eneo nalo lina kisa chake. MV Skagit, iliyozama karibu na kisiwa cha Chumbe Julai 2012 ikitoka Dar es Salaam, ilijengwa Marekani mwaka 1989 kwa ajili ya Puget Sound, ghuba iliyokingwa na nchi kavu huko jimbo la Washington. Julai kwetu ni kusi, msimu wa upepo mkali kutoka kusini, na anayeujua mkondo wa Unguja wakati wa kusi hahitaji kuelezwa zaidi. Chombo kinaweza kuwa kizima kabisa na bado kisifae kwa maji fulani.

Mtu anaweza kuuliza: kwani hakuna sheria za kimataifa? Zipo. Mkataba mkuu wa usalama wa maisha baharini, wa mwaka 1974, unahusu safari za kutoka nchi moja kwenda nyingine. Safari ya Mwanza kwenda Ukerewe, au Unguja kwenda Pemba, haimo. Hiyo ni kazi ya sheria za nchi yenyewe na watu wake wa kuzisimamia. Tanzania Bara msimamizi ni TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, lililoanza kazi mwaka 2018 na kupokea majukumu ya majini yaliyokuwa chini ya SUMATRA, mamlaka ya zamani ya usafiri wa nchi kavu na majini. Zanzibar ina Mamlaka yake ya Usafiri Baharini, ZMA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2009. Kenya ina mamlaka yake ya usafiri wa majini, KMA.

Msimamizi anapaswa kuwa mbali na mwendeshaji, na hapo pana ugumu wake. MV Nyerere kilikuwa mali ya serikali, kikiendeshwa na TEMESA, wakala wa serikali, na aliyepaswa kukikagua alikuwa serikali pia. Kumfungia mwenye boti binafsi ni rahisi. Kukisimamisha kivuko ambacho wilaya nzima inakitegemea kwenda sokoni na hospitali, na mwenye nacho ni mwajiri wako wewe mkaguzi, ni jambo jingine.

Karatasi zote zikiwa sawa, bado kuna ruhusa ya kuondoka, inayotolewa gatini safari kwa safari. Hapa ndipo orodha ya abiria inapohitajika, na hapa ndipo mambo huharibika, kwa sababu cheti kilisainiwa ofisini lakini watu wanaingia usiku, wengine bila tiketi, wengine kwa kujuana. Orodha isipolingana na walio ndani, waokoaji hawana wanachokitafuta.

Kwa mkataba ule wa kimataifa, mtoto ambaye hajatimiza mwaka hahesabiwi kuwa abiria. Lakini hesabu ya watu waliomo chomboni inapofanywa kabla ya kung'oa nanga, naye anahesabiwa, hata kama amebebwa mgongoni.