Pasi ya treni Ulaya haifuti malipo yote

Wanafunzi wengi wanaokwenda kusoma Ulaya huamini kwamba ukishanunua pasi ya treni, yaani tiketi moja ya kupandia treni nyingi, unapanda treni yoyote bila kuongeza hata senti. Ujerumani, Austria na Uswisi ni karibu hivyo: treni nyingi za mchana unapanda tu. Lakini treni za kasi za Ufaransa na Uhispania, na nyingi za usiku, hudai uweke nafasi kwa malipo ya ziada. Nafasi za wenye pasi zina kikomo, na Julai na Agosti huisha mapema mno. Fungua ratiba kwenye programu ya simu ya pasi hiyo, usome treni moja moja: itakuonyesha kama kuweka nafasi ni lazima. Siku ya safari, iwashe pasi kwenye programu hiyo kabla ya kupanda, na pasipoti iwe karibu. Kondakta hulinganisha majina.